Chupa Tano za Ubelgiji: Ipi Ifunguliwe Leo na Ipi Isubiri

Mtu aliyezoea laga za kwetu, ziwe Tusker, Kilimanjaro au Simba ya Lubumbashi, akisimama mbele ya rafu ya bia katika duka la kawaida mjini Brussels hukuta kwamba vitu viwili alivyozoea kuvitegemea havimfai tena. Rangi inamdanganya, kwa sababu bia ya dhahabu anayoidhani kuwa nyepesi huenda ina kilevi cha asilimia 9.5, ilhali ile ya kahawia iliyo pembeni yake haizidi 7. Namba ya kilevi nayo inamdanganya kwa namna yake: inamwambia atalewa upesi kiasi gani, lakini haimwambii kama bia hiyo itakuwa tamu, chungu, kali kama maji ya ukwaju au kavu kama mvinyo mweupe. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na unahusu chupa tano: Saison Dupont, Westmalle Tripel, Rochefort 10, Orval, na gueuze ya Cantillon. Nne za kwanza hupatikana bila taabu nchini Ubelgiji, na hata nje ya nchi hiyo huonekana katika maduka ya vinywaji ya miji mikubwa. Ya tano huhitaji kutafutwa.

Sikuzichagua kwa kuamini kwamba hakuna bora kuliko hizo. Nilizichagua kwa sababu kila moja ni kielelezo ambacho wapika bia wa viwanda vidogo huko Marekani, Italia na kwingineko wamekuwa wakikiiga kwa miaka mingi, hivyo kwamba anayezijua tano hizi anaweza kuonja bia ngeni kabisa na kusema angalau imekaa upande gani.

Tulionja watu watatu, kwa jioni mbili, katika nyumba moja ya Matonge, ile sehemu ya Ixelles iliyochukua jina la mtaa wa Kinshasa. Mmoja wetu alizaliwa Lubumbashi na ameishi Brussels miaka mingi. Wa pili ni mtu wa Moshi aliyeijua mbege kabla ya kuijua bia ya chupa. Wa tatu ni mimi, niliyekulia Tanga kwenye laga baridi na ambaye sina cha kujivunia zaidi ya pua ambayo haijaharibiwa na sigara. Kwa alama tulitumia mgawanyo wa karatasi ya BJCP, mpango wa Kimarekani ulioanzishwa mwaka 1985 kwa ajili ya kuwaandaa majaji wa mashindano ya bia. Karatasi hiyo ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, jinsi bia inavyohisika kinywani 5, na tathmini ya jumla 10. Mwonekano, ambao ndio humfanya mteja anyooshe mkono dukani, umepewa alama 3 tu kati ya 50, na baada ya jioni zile mbili naona hata hizo zingetosha kupunguzwa.

Upungufu wa karatasi hiyo ni kwamba iliundwa kwa ajili ya kupima kama bia inafanana na aina yake, si kwa ajili ya kumsaidia mtu kununua. Kwa hiyo tuliongeza swali letu, ambalo halikuwa na alama: je, ungeimaliza chupa nzima peke yako, na ukiimaliza ungetaka ya pili? Swali hilo liliupindua mpangilio wetu wote. Rochefort 10 ilipata alama nyingi kuliko zote kwa mikono yetu yote mitatu, lakini hakuna aliyetaka chupa ya pili. Orval ilipata alama chache zaidi, na tuliimaliza huku tukitazamana kuona nani atasimama kwenda kwenye kabati.

Kinachozitenganisha bia hizi hasa ni hamira. Kimea cha shayiri ni kilekile karibu kila mahali, na hopsi, yaani yale maua makavu yanayotia uchungu kama gome la msesewe linavyotia katika mbege, hutumika katika zote tano. Laga huchachushwa na hamira inayofanya kazi taratibu penye baridi na kuacha harufu chache sana nyuma yake, na ndiyo maana laga nzuri husifiwa kwa usafi. Hamira za kale za Ubelgiji hufanya kazi penye joto, na zikiila sukari ya kimea huacha harufu za matunda na viungo ambazo mnywaji mgeni huapa kwamba zimetiwa kwa kijiko: karafuu, ndizi mbivu, pilipili manga, ganda la chungwa. Hatua moja mbele yake kuna hamira ya mwituni iitwayo Brettanomyces, ambayo katika viwanda vingi vya bia huogopwa kama mchwa kwenye boriti, lakini ambayo Orval huikaribisha kwa makusudi. Mwisho kabisa yuko mpika gueuze, ambaye hatii hamira yoyote. Anaipoza bia yake chini ya paa lenye matundu na kuusubiri upepo wa usiku.

Kwa sababu hiyo tuligawa jioni mbili: ya kwanza kwa bia za hamira ya nyumbani, yaani Saison Dupont, Westmalle Tripel na Rochefort 10 kwa mfuatano huo, ya pili kwa zile zenye kitu cha mwituni, yaani Orval na gueuze. Mfuatano una umuhimu kuliko wengi wanavyodhani, maana ulimi ukishafunikwa na utamu wa Rochefort hauisikii tena saison, hata ukiusuuza kwa maji na mkate mkavu. Jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havitalisema: msionje bia katika nyumba iliyofukizwa udi siku hiyo. Mwenyeji wetu alikuwa amefukiza asubuhi, na nusu saa ya kwanza tuliipoteza tukibishana kuhusu harufu ambayo ilikuwa ikitoka kwenye mapazia.

Saison Dupont na Westmalle Tripel ndizo zinazofaa kulinganishwa kwanza, kwa kuwa kwa macho zinakaribiana sana: zote mbili ni za dhahabu, zote zina povu jeupe linalokaa juu kama kilemba, na zote zina gesi nyingi inayochoma ulimi. Dupont hutoka Tourpes, kijiji cha mkoa wa Hainaut, katika shamba ambalo familia ya Dupont imelimiliki tangu mwaka 1920, na ni mwakilishi wa desturi ya mashambani ambapo bia ilipikwa wakati wa baridi ili vibarua wa majira ya joto wapate cha kukatia kiu. Ina kilevi cha asilimia 6.5. Westmalle hutoka abasia ya Watrapisti, yaani wamonaki wa Kikatoliki wa utawa mmoja, karibu na Antwerp, ambako wamonaki walianza kupika bia mwaka 1836. Tripel yao ilizaliwa mwaka 1934, na mapishi yake hayajabadilika sana tangu 1956. Hiyo ndiyo yenye asilimia 9.5.

Kinywani tofauti ni kubwa. Saison ni kavu, yaani sukari yake karibu yote imeliwa na hamira, kwa hiyo inapita na kuacha uchungu mwembamba na pilipili manga, kisha kinywa kinataka tena. Hamira ya Dupont inajulikana kwa kufanya kazi katika joto linalozidi nyuzi 30, ambalo kwa hamira nyingi za bia ni balaa na kwa mtu wa Dar es Salaam ni mchana wa kawaida. Inawezekana hapo ndipo unapotoka ule ukavu unaoitofautisha na waigaji wake. Tripel, kwa upande wake, inaanza kwa asali, ndizi mbivu na karafuu, ingawa hakuna kiungo kilichotiwa, kisha inageuka polepole kuwa chungu, na joto la kilevi linafika kooni likiwa limechelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakoifanya kuwa bia ya hatari. Rafiki yetu wa Lubumbashi, ambaye anaipenda kuliko zote, anasema haijawahi kumwonya hata mara moja.

Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili apewe mtu anayetoka moja kwa moja kwenye laga, nitasema saison, na sitasita. Inampa kile anachokijua, yaani rangi, gesi na kiu inayokatika, na juu yake inamwonyesha kazi ya hamira bila kumlemea. Tripel ni bora kidogo kwa alama, maana harufu yake ina mambo mengi zaidi na yamepangika vizuri zaidi, lakini ni bia ya kukaa nayo baada ya chakula, si ya kufungulia mazungumzo. Kuna tahadhari moja kuhusu saison. Chupa yake ni ya kijani, na kioo cha kijani hakiizuii nuru kama kioo cha kahawia. Nuru ya jua au ya taa kali za duka huvunja sehemu ya uchungu wa hopsi na kuzalisha harufu ambayo Wazungu huifananisha na mnyama wao wa kunuka, na ambayo kwa pua yangu iko kati ya kabichi iliyooza na mpira ulioungua. Niliwahi kununua chupa ya kijani iliyokuwa imepangwa dirishani mwa duka moja, bia ya kiwanda kingine kabisa, na ilinibidi niimwage yote. Chukua iliyo nyuma ya rafu, au iliyofungwa bado katika boksi.

Rochefort 10 ni dunia nyingine. Abasia ya Saint-Rémy iko kusini mwa Ubelgiji, na habari za kupika bia huko zinarudi nyuma hadi mwaka 1595. Wamonaki wake huuza 6 yenye kizibo chekundu, 8 yenye kizibo cha kijani na 10 yenye kizibo cha buluu, na mnunuzi aelewe mapema kwamba namba hizo si asilimia za kilevi. Zinatoka katika kipimo cha zamani cha Ubelgiji cha uzito wa maji ya kimea kabla ya kuchacha. Kilevi chenyewe ni asilimia 7.5, 9.2 na 11.3. Hesabu fupi inasaidia hapa. Chupa moja ya sentilita 33 ya Rochefort 10 ina mililita 37 hivi za kilevi kitupu, wakati chupa ya nusu lita ya Tusker yenye asilimia 4.2 ina 21. Kwa hiyo kichupa hicho kidogo kinakaribia Tusker mbili kubwa, na mtu anayekinywa kwa kasi ya Tusker atajuta kabla ya saa tatu usiku.

Ladha yake msomaji wa Pwani ataielewa upesi kuliko Mbelgiji mwenyewe, kwa sababu karibu kila kitu kilichomo tunacho jikoni: tende, zabibu kavu, sukari guru iliyoanza kuungua, na chembe ya giligilani, ambayo kwa bia hii hutiwa kweli. Ni nzito, laini, na haina haraka. Tuliinywa kwenye bilauri yenye tumbo pana na mdomo mdogo, ikiwa na joto la nyuzi 13 hivi, na kila dakika kumi ilikuwa imebadilika kidogo. Ikitolewa moja kwa moja kwenye friji haisemi kitu zaidi ya utamu na kilevi, na nadhani wengi walioikataa waliikutia hapo.

Hata hivyo, mtu akitaka kununua Rochefort moja tu, mimi ningempa 8. Ina matunda makavu yaleyale na mkate uliobanikwa zaidi, haina ule uzito unaokufanya ufikirie kulala, na inakaa vizuri na chakula. Hapo ndipo ninapotofautiana na alama za nyota ambazo watu huzitoa kupitia simu zao. Anayeonja funda moja katika tamasha lenye bia arobaini hukumbuka ile iliyopiga kelele zaidi, na bia nzito tamu hupiga kelele kwa asili yake. Anayekunywa chupa nzima nyumbani huhukumu kwa funda la mwisho. Westvleteren 12 yenye asilimia 10.2, bia ya Watrapisti wengine wa Ubelgiji, ambayo mwaka 2005 wachangiaji wa RateBeer, tovuti ya kutoa alama za bia, waliiweka juu ya bia zote duniani, imekuwa ikifuatwa tangu wakati huo kama kitu cha mahujaji, na ugumu wa kuipata umeiongezea sifa ambazo sina hakika kwamba ziko ndani ya chupa. Ni bia nzuri sana. Niliyoionja haikuniletea kitu ambacho Rochefort 10, inayouzwa dukani bila kuagiza wala kupanga foleni, haikuwa imekwisha kuniletea.

Orval nitaikalia kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapo swali la kuchagua hugeuka kuwa swali la muda. Abasia ya Orval iko karibu na mpaka wa Ufaransa. Iliteketezwa mwaka 1793 wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ujenzi mpya ukaanza mwaka 1926, na kiwanda cha bia kiliundwa mwaka 1931 ili kugharimia ujenzi huo. Samaki mwenye pete mdomoni aliye kwenye lebo anatokana na hadithi ya Matilda wa Toscana, aliyeiangusha pete yake ya ndoa katika chemchemi ya bonde lile na kurudishiwa na samaki. Tofauti na abasia nyingine, Orval huuza bia moja tu kwa umma, ikiacha kando ile nyepesi inayonywewa na wamonaki na wageni wa huko. Lakini bia hiyo moja ni bia tatu au nne, kutegemea umri.

Sababu ni hii. Baada ya kuchacha kwa mara ya kwanza kwa hamira ya kawaida, bia hutiwa hopsi tena bila kuchemshwa, ndipo harufu ya maua na maganda ya chungwa inapoingia. Kisha, inapotiwa chupani, huongezwa Brettanomyces. Hamira hiyo ya mwituni hula polepole sukari ambazo hamira ya kwanza ilizishindwa, na inaendelea kula kwa miezi na miaka, huku kilevi kikipanda kidogo, gesi ikiongezeka na utamu ukiisha. Lebo inasema asilimia 6.2. Wamonaki wana uungwana wa kuandika pia tarehe ya kujazwa chupa, jambo ambalo wauzaji wengi wa bia hawalifanyi, na baadhi ya baa za Ubelgiji hutoza bei tofauti kwa Orval changa na Orval iliyolala.

Tulikuwa na chupa mbili, moja ya miezi mitatu na nyingine ya miezi kumi na saba. Ile changa ilikuwa chungu waziwazi, yenye harufu ya hopsi kama nyasi zilizokatwa asubuhi na ganda la chungwa, na mwili wake bado ulikuwa na utamu wa kimea. Ile ya pili ilitoka na povu lililojaza nusu ya bilauri. Uchungu ulikuwa umejificha nyuma, na mbele yake palikuwa na ngozi mpya ya viatu, majani makavu na kitu ambacho rafiki wa Moshi alikiita, kwa heshima zote, zizi la mbuzi lililofagiliwa. Asiyeizoea harufu hiyo atadhani bia imeharibika. Mimi naipendelea changa kidogo, kati ya miezi minne na minane, wakati hopsi na mwitu vinapokuwa bado vinagombania nafasi. Wenzangu wote wawili waliichagua ya zamani. Ushauri wangu kwa hiyo ni kununua mbili zenye tarehe moja, kufungua moja sasa na kuilaza nyingine mahali pa giza pasipo joto, ikiwa imesimama wima ili mashapo yakae chini.

Jina la Brettanomyces lina mzaha wake. Lilitolewa mwaka 1904 katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen na N. Hjelte Claussen, na maana yake ni kuvu wa Uingereza, kwa sababu aliipata katika bia za Kiingereza zilizokaa muda mrefu. Waingereza karibu wameisahau; leo mtu akiitaja, akili huenda moja kwa moja Orval na, hasa, katika mapipa ya Brussels.

Mapipa hayo ndiyo yanayotufikisha Cantillon, kiwanda cha familia kilichoanzishwa mwaka 1900 huko Anderlecht, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka stesheni ya Midi, na ambacho tangu 1978 ni makumbusho pia, kwa hiyo mnunuzi anaweza kuiona kazi kabla ya kuilipia. Huko hupikwa lambic: theluthi moja na ushei ya nafaka ni ngano isiyotengenezwa kimea, iliyobaki ni kimea cha shayiri, na hopsi zinazotumika zimehifadhiwa miaka kadhaa hadi uchungu wake umekufa na kubaki ile nguvu ya kuzuia uozo. Maji ya nafaka hizo yakishachemshwa hupandishwa juu, chini ya paa, na kumwagwa katika sinia pana la shaba lenye kina kifupi, ambamo yanalala usiku kucha yakipozwa na hewa. Vijidudu vya hewani na vya kwenye mbao za jengo lenyewe ndivyo vinavyoanza uchachu. Kazi hii hufanyika miezi ya baridi tu, takribani Oktoba hadi Aprili, kwa kuwa penye joto wageni wasiotakiwa huwa wengi mno. Kisha bia huingia kwenye mapipa ya mbao, na gueuze ni mchanganyiko wa lambic ya mwaka mmoja, miwili na mitatu: ile kongwe hutoa kina, ile changa hutoa sukari iliyobaki ya kuzalisha gesi chupani.

Hapa ndipo rafiki wa Moshi alipotushinda wote. Mwenzetu wa Lubumbashi alikunja uso kwa funda la kwanza, nami nililazimika kurudia mara tatu kabla ya kuona kitu nyuma ya ukali. Yeye alikunywa, akanyamaza, akasema kwamba mbege ya siku ya pili nayo haitiwi hamira na mtu. Na kweli, aliyezoea kinywaji kilichochachuka chenyewe haoni ajabu uchachu huo. Gueuze hii ni kali kama ndimu iliyochanganywa na balungi, haina utamu wowote, ina harufu ya mbao zilizoloa na ngozi, na mwisho wake ni mkavu kiasi kwamba kinywa kinatoa mate chenyewe. Kilevi chake ni kidogo, asilimia 5 na ushei, kwa hiyo kwa upande huo ndiyo inayokaribiana zaidi na laga ya nyumbani kati ya zote tano, na kwa ladha ndiyo iliyo mbali nayo kuliko zote.

Orval na gueuze basi zinafanana kwa ile ngozi na majani makavu, lakini zinatofautiana kwa jambo linalotosha kuamua: Orval ni chungu, gueuze ni kali. Watu wengi huvumilia moja ya hizo na si nyingine. Anayekunywa kahawa chungu bila sukari aanze na Orval. Anayekula embe bichi kwa chumvi na pilipili aanze na gueuze. Katika kununua, neno la kutafuta kwenye lebo za Kiholanzi ni Oude Geuze, ambalo tangu mwaka 1997 linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya na maana yake ni kwamba bia imechanganywa na kulazwa kwa njia ya kale. Geuze isiyo na neno hilo mara nyingi imetiwa utamu ili kuwapendeza wengi. Kama Cantillon haipatikani au bei yake imekushinda, Oude Geuze ya Boon kutoka Lembeek, yenye asilimia 7, ni laini zaidi na hupatikana kwa urahisi zaidi. Kwa anayeanza, naona inafaa hata kuliko Cantillon.

Lebo nyingine inayohitaji kusomwa kwa makini ni ile ya pembe sita ya Watrapisti, inayotolewa na chama chao cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1997. Inathibitisha kwamba bia imepikwa ndani ya eneo la abasia chini ya uangalizi wa wamonaki, na kwamba faida si ya mfuko wa mtu bali hutunza jumuiya na kusaidia wahitaji. Westmalle, Rochefort na Orval wanayo. Bia iitwayo ya abasia tu, kama Leffe, ni jambo jingine: inapikwa na kampuni kubwa, na abasia hulipwa kwa jina lake. Lakini nisingependa mtu aifanye alama hiyo kuwa kipimo cha ladha. Achel, abasia nyingine ya Ubelgiji, iliipoteza mwaka 2021 kwa sababu hapakuwa tena na wamonaki mahali pale, na bia iliyokuwa ndani ya chupa haikupata habari.

Kwa mezani tulijaribu baadhi na kubahatisha mengine. Saison ilikaa na pilau na mishikaki bila kugombana na bizari, na ndiyo pekee ambayo ningeipeleka kwenye karamu yenye watu wengi wa ladha tofauti. Tripel ilipendeza na kuku wa nazi, kwa sababu gesi yake huikata nazi na karafuu zake hukutana na zilizomo mchuzini. Rochefort haikutaka chakula cha chumvi kabisa. Iliyoifaa ilikuwa halua, kipande kidogo, na bilauri moja ikigawanywa kwa watu wawili. Orval ya miezi kumi na saba ilikubaliana na nyama ya mbuzi ya kuchoma hata mafuta yake yakawa faida. Gueuze tuliinywa na samaki wa kukaanga na hatukumkamulia ndimu, maana kazi hiyo ilikuwa imekwisha kufanywa. Ila mwenyeji alipoleta achari ya maembe, ukali juu ya ukali ulituharibia vyote viwili, na ile robo ya chupa iliyobaki ilimaliziwa baadaye sana, achari ikiwa imeshaondolewa mezani.